Sumu Shambani, Nyuki Darini: Nani Aarifiwe, na Aambiwe Nini



Somo la toleo hili lilikusudiwa liwe fupi. Msimu uliopita ukurasa huu ulichapisha tangazo la sentensi nne kuhusu viuatilifu na nyuki wasumbufu, pamoja na namba moja ya simu, nasi tukaamini kuwa kazi imekwisha. Jumamosi moja ya mwezi Februari ilituonyesha kwamba tangazo lile halikutosha, na kwa sehemu lilipotosha. Kwa ridhaa ya kijana aliyehusika na ya mama yake, ambao wameomba majina yao yasitajwe, tunaeleza yaliyotokea, kwa kuwa ndani yake mna karibu kila jambo ambalo somo hili linataka kulifundisha.

Katika shule moja ya msingi nyuki walikuwa wameingia darini mwa darasa kupitia tundu la ukutani. Walikwisha kukaa humo majuma kadhaa, na wanafunzi wawili walikuwa wameumwa. Mwalimu wa zamu, akitaka kulimaliza jambo hilo kabla ya Jumatatu, alimwita kijana wa jirani anayejipatia riziki kwa kupulizia pamba mashambani mwa watu. Kijana alifika saa nne asubuhi na bomba lake la mgongoni, akiwa amelijaza kiuadudu kilichobaki shambani. Alipanda juu ya meza, akainua mpira wa bomba juu ya kichwa chake na kupulizia tunduni. Sehemu ya maji yale iliingia darini. Sehemu nyingine ilimrudia: ilitiririka mikononi, ikaingia kwenye mikono ya shati, ikashuka shingoni na mgongoni. Nyuki nao walitoka kwa hasira, wakamuuma mara sita au saba, naye akakimbia.

Kufikia saa sita mchana alikuwa akitapika na kutokwa na jasho jingi. Alipopelekwa zahanati, waliomsindikiza walisema neno moja tu: ameumwa na nyuki. Mhudumu alimtibu kama mtu aliyeumwa na nyuki, na hapana wa kumlaumu kwa hilo. Chupa ya kiuadudu ilikuwa imekwisha kutupwa katika shimo la choo cha shule, kwa nia njema, ili watoto wasiiokote. Mwalimu alipiga namba ya simu iliyochapishwa katika jarida hili. Namba ile ni ya mezani kwangu, katika ofisi ya mawasiliano, ambayo Jumamosi hufungwa. Iliita bila kupokewa.

Saa kumi jioni mama mzazi alifika kutoka shambani, akamwinamia mwanawe, akasema ananuka dawa ya pamba. Kwa maneno hayo mhudumu alirudi, akamulika macho ya mgonjwa kwa tochi, akakuta mboni zimesinyaa na kuwa ndogo kama kichwa cha sindano. Gari la kumpeleka hospitali lilipatikana muda mfupi baadaye. Kijana alilazwa siku nne, na leo ni mzima. Lakini saa nne za mchana ule zilipotea kwa sababu taarifa iliyotolewa ilikuwa ya kweli bila kuwa kamili, na kwa sababu ofisi yetu ilimpa mwananchi namba isiyofaa.

Tunachokiita dawa

Lugha yetu ya kila siku ina mazoea yanayotugharimu: kiuatilifu tunakiita dawa. Tuna dawa ya pamba, dawa ya nyanya, dawa ya ghala, dawa ya panya. Neno dawa hulegeza mkono. Mtu hawezi kuacha sumu ndani ya chupa ya soda kwenye dirisha la jikoni, lakini dawa huiacha. Ndiyo sababu katika kata zetu mtoto anapokunywa sumu mara nyingi huikunywa kutoka chupa ambayo amezoea kuiona ikiwa na kinywaji.

Njia kubwa ambayo sumu ya shambani huingia mwilini mwa mpuliziaji ni ngozi. Wengi hudhani ni mdomo au pua, hufunga kitambaa usoni, kisha huvaa kaptula na kandambili. Ngozi ya shingo, ya kwapa na ya sehemu za siri hupitisha sumu haraka kuliko ya viganja, na ngozi yenye jasho hupitisha zaidi. Bomba linalovuja mgongoni ni hatari kubwa hata kama mvujo wake ni wa matone, kwa maana nguo iliyolowa hukaa juu ya ngozi kutwa nzima. Baada ya mpuliziaji yuko mtu wa pili ambaye hatumkumbuki: mama au dada anayezifua nguo zile kwa mikono mitupu, mara nyingi pamoja na nguo za watoto. Nguo za kupulizia zifuliwe peke yake, na maji yake yasimwagwe kisimani wala mtoni.

Chini ya lebo ya kila kiuatilifu halali kuna mkanda wa rangi. Mwekundu huonyesha sumu kali, wa njano hufuata, kisha wa bluu, na wa kijani ni wa sumu ndogo zaidi. Wakulima kadhaa waliozungumza nasi walidhani rangi hizo ni za urembo, au kwamba kijani ina maana ya kitu kisichodhuru. Sivyo. Kijani nacho ni kiuatilifu, na akinywa mtoto apelekwe zahanati.

Bidhaa isiyo na lebo, yenye lebo iliyobandikwa juu ya nyingine, au inayouzwa kwa kupimwa katika chupa za maji, isinunuliwe, na muuzaji aripotiwe. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, TPHPA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020 na yenye makao makuu Arusha, ndiyo inayosajili viuatilifu na kudhibiti biashara yake. Huhitaji kusafiri hadi Arusha: afisa kilimo wa kata yako ndiye mlango wa taarifa hiyo.

Dalili zinazofanana na malaria

Hapa tunaomba msomaji asome polepole. Viuadudu vingi vinavyotumika mashambani, hasa vya jamii ya oganofosfati na karbameti, huvuruga mawasiliano kati ya neva na misuli. Mgonjwa huumwa kichwa, huona kizunguzungu, hutapika, huharisha, tumbo humkata, na mwili huishiwa nguvu. Mtu yeyote aliyekulia katika wilaya hii atasema hiyo ni malaria. Tena akipimwa kwa kipimo cha haraka anaweza kweli kukutwa na vimelea vya malaria, kwa kuwa katika maeneo yetu mtu huweza kuwa navyo bila kuumwa. Kipimo hicho hakiondoi uwezekano wa sumu. Mtu mmoja aweza kuwa na vyote viwili kwa wakati mmoja.

Dalili zinazotofautisha ni za majimaji, macho na misuli: mate yanayotiririka, machozi, jasho jingi lisilolingana na hali ya hewa, kamasi na makohozi mengi, mboni za macho zilizosinyaa, misuli inayochezacheza yenyewe chini ya ngozi, na kupumua kwa taabu. Ukiona hata mbili kati ya hizo kwa mtu aliyekuwa shambani, au aliyepita kando ya shamba linalopuliziwa, usingoje asubuhi. Na kumbuka kwamba sumu iliyopita kwenye ngozi huweza kuchelewa. Mtu hupulizia leo mchana, hula chakula cha jioni vizuri, kisha hali hubadilika usiku au kesho yake. Kwa hiyo swali la kumwuliza mgonjwa lisiwe umefanya nini leo. Aulizwe alifanya nini leo na jana.

Kabla ya kumpeleka zahanati, mtoe mahali penye sumu, mvue nguo zote zilizoguswa, umwoshe kwa maji mengi na sabuni, pamoja na nywele, masikio na chini ya kucha. Anayemwosha afunike mikono yake kwa glavu au mifuko ya plastiki, asije naye akawa mgonjwa wa pili. Macho yaliyoingiwa yaoshwe kwa maji safi yanayotiririka kwa muda usiopungua dakika 15. Usimpe maziwa. Imani ya maziwa ni ya zamani na ina watetezi wengi, lakini maziwa hayaondoi sumu, na mtu anayepoteza fahamu huweza kupaliwa nayo hadi mapafuni. Usimtapishe kwa nguvu wala kumpa maji ya chumvi. Akilegea, mlaze kwa ubavu.

Kisha ichukue lebo. Ikiwa chupa ipo, ifunge ndani ya mfuko wa plastiki, iende pamoja na mgonjwa. Ikiwa huwezi kuibeba, piga picha ya lebo kwa simu, pande zote mbili, hadi maandishi madogo yasomeke. Jina la biashara peke yake halitoshi, kwa sababu majina ya dukani hubadilika kila msimu. Mganga anatafuta jina la kiambato kinachofanya kazi, ambalo huandikwa kwa herufi ndogo pamoja na kiasi chake. Sumu za jamii tulizozitaja zina tiba inayojulikana, ikiwamo dawa ya atropini, lakini tiba hiyo haitolewi kwa kubahatisha. Kijana wa Februari angeipata mapema kama lebo ingemfuata.

Wapo pia wanaokunywa sumu kwa kukusudia, na familia zao huona aibu, zikasema ni chakula kilichoharibika. Tunazisihi familia hizo kwa heshima: mwambieni mhudumu ukweli, faraghani kama mnataka, lakini mwambieni mara moja. Anachohitaji ni jina la sumu, kiasi, na saa iliyonywewa.

Nyuki wa kupita na nyuki wa kukaa

Sasa tuwaendee nyuki, ambao kwa idadi ya simu ndio wanaoongoza. Karibu kila mwananchi anayepiga simu huanza kwa kusema wamevamia. Afisa nyuki wa wilaya hujibu kwa swali ambalo huwaudhi baadhi ya wapigaji: wamening'inia, au wanaingia na kutoka?

Swali hilo lina maana. Nyuki walioning'inia kwenye tawi, nguzo au ukingo wa paa kama fundo moja kubwa ni kundi linalohama. Wamemzunguka malkia wao huku wapelelezi wakitafuta makao. Hawana masega, hawana majana wala asali ya kulinda, kwa hiyo mara nyingi ni wapole kuliko wanavyoonekana. Wengi huondoka wenyewe baada ya saa chache au siku chache. Kinachotakiwa ni kuwaondoa watoto na mifugo mahali hapo, kuweka mtu wa kuwaonya wapitao, na kutoa taarifa. Wakiachwa bila kuguswa, mara nyingi hakuna tukio la kusimulia.

Nyuki wanaoingia na kutoka kwenye tundu moja, iwe ukutani, darini, ndani ya mti wenye pango au chini ya tangi la maji, wamekwisha kujenga. Hao wana mali ya kulinda, na nyuki wetu wa Afrika ni walinzi hodari. Kelele za mashine ya kusaga, moshi wa takataka, jiwe la mtoto au harufu kali huweza kuwaamsha. Nyuki mmoja akiuma huacha mwiba wake pamoja na harufu inayofanana na ya ndizi mbivu, na harufu hiyo huwaita wenzake waume mahali palepale. Ndiyo maana kumpiga nyuki aliyetua mkononi huzidisha shari.

Wapo pia viumbe wanaosingiziwa. Nyuki wadogo wasiouma, ambao hutengeneza kimrija cha nta mlangoni mwao, hawana mwiba wa kumdhuru mtu, na asali yao ina thamani. Nyigu, ambao hujenga kiota kama cha karatasi chini ya ukingo wa paa, huuma kweli lakini si nyuki, na mzinga hauwafai. Ukiweza kupiga picha kwa mbali bila kujihatarisha, picha hiyo humwokolea afisa safari nzima.

Wakishambulia, kimbia. Kimbia moja kwa moja, ukifunika uso kwa shati au khanga huku ukiona njia, hadi ndani ya nyumba au gari linalofungika. Usijitose bwawani, kwani huweza kukungoja juu ya maji. Usisimame kupunga mikono. Mbuzi au ng'ombe aliyefungwa kamba hana pa kukimbilia, na ndiye mara nyingi hufa. Kama unaweza kuikata kamba bila kuhatarisha uhai wako, ikate. Miiba itolewe upesi kwa kukwangua kwa ukucha au kwa njia yoyote iliyo karibu, kwa sababu kifuko cha sumu huendelea kusukuma hata baada ya nyuki kuondoka. Mtu anayevimba midomo au ulimi, anayekoroma akivuta pumzi, anayetokwa na vipele mwili mzima au kuona kizunguzungu, apelekwe kituo cha afya mara moja, hata kama ameumwa na nyuki mmoja tu. Vivyo hivyo mtoto, mzee au mtu yeyote aliyeumwa mara nyingi.

Kwa nini basi tusiwapulizie sumu? Hasara kwa wafugaji nyuki peke yake ingetosha kuwa jibu, lakini liko jibu lililo karibu zaidi na mwenye nyumba. Sumu ya shambani imetengenezwa itumike uwazini, juu ya majani. Ndani ya dari hukaa, na watu hulala au kusoma chini yake. Nyuki wakifa, asali na majana hubaki bila walinzi. Asali huyeyuka kwa joto la bati na kuchuruzika ukutani, majana huoza, na harufu huwaita sisimizi, panya na makundi mengine ya nyuki, ambayo huibeba asali ile yenye sumu hadi mizingani kwao. Zaidi ya hayo, wapo watoto ambao wakiona asali inachuruzika ukutani hawataulizia imetoka wapi.

Taarifa ya mfugaji nyuki

Katika kata zetu zenye pamba na alizeti, mkulima na mfugaji nyuki mara nyingi ni jirani, na wakati mwingine ni mtu mmoja. Alizeti hufaidika sana kwa kutembelewa na nyuki. Vichwa visivyochavushwa vizuri hutoa mapumba. Hata hivyo kila msimu hupokea malalamiko ya mizinga iliyokufa, na karibu yote hufika yamechelewa.

Nyuki husafiri kilomita kadhaa kutafuta chakula, kwa hiyo mzinga ulio mbali na shamba hauko salama kwa umbali peke yake. Dalili ya sumu ni maiti nyingi kwa ghafula mbele ya mlango wa mzinga, wengine wakitambaa, wakitetemeka au wakiwa wametoa ulimi. Ukiona hivyo, pigia afisa nyuki siku hiyohiyo. Piga picha. Kusanya maiti walio wabichi, kiasi cha kikombe, uwaweke katika bahasha ya karatasi, si mfuko wa plastiki ambamo huoza, na uihifadhi mahali pa baridi mbali na chakula. Andika tarehe, saa, na mimea iliyokuwa ikitoa maua. Baada ya siku tatu za jua hakuna maabara itakayosema lolote la uhakika juu ya maiti hao.

Tunashauri pia kwamba taarifa isianze kwa kumtaja jirani kama mkosaji. Sema ulichokiona. Malalamiko ya aina hii tuliyoyashughulikia yamekwama zaidi kwa ugomvi kuliko kwa kukosa ushahidi.

Kwa upande wa mkulima, wajibu wake si mzito. Amwarifu jirani mwenye mizinga siku mbili kabla. Asipulizie mimea iliyochanua. Ikibidi, apulizie jioni nyuki wakiwa wamerudi. Akiwa na uchaguzi kati ya kiuadudu cha maji na cha unga, ajue kwamba unga hushika kwenye manyoya ya nyuki kama chavua, naye huupeleka nyumbani.

Ndege wanapopulizia kweleakwelea

Wakati makundi ya kweleakwelea yanapovamia mtama, uwele na mpunga, Serikali hupulizia malalo yao kwa ndege, kwa kawaida jua likielekea kuzama. Kiuatilifu kinachotumika sana kwa kazi hiyo, fenthioni, ni cha jamii ileile ya oganofosfati. Tangazo likitolewa na serikali ya kijiji, mizinga ihamishwe au ifungwe kwa maelekezo ya afisa nyuki, mifugo iondolewe, na visima vya wazi vifunikwe.

Asubuhi yake huonekana kweleakwelea wengi chini, wengine wakiwa bado hai, na hapo ndipo tatizo huanza. Kweleakwelea ni kitoweo kinachopendwa, na kuokota ndoo nzima bila kutega nyavu ni kishawishi kikubwa. Tunalisema bila kuzunguka: ndege hao wamekufa kwa sumu na hawafai kuliwa, wala kulishwa mbwa au kuku. Aliyekwisha kula na kujisikia vibaya aende zahanati na aseme amekula nini. Hatatozwa faini kwa kusema.

Nani aarifiwe

Mtu akiwa anaumwa, taarifa ya kwanza ni ya zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, kabla ya ofisi yoyote. Kwa ushauri wa afya kwa simu, namba 199 ya Wizara ya Afya hupigwa bila malipo. Nyuki wanaposhambulia watu na mtu amekwama, piga 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Namba ya mezani kwangu isipigwe kwa dharura; tumeiondoa katika ukurasa wa mwisho wa jarida hili.

Kwa mambo yasiyo ya dharura, mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji wa kijiji ndiye wa kwanza, kwa sababu yuko jirani na anaweza kuzuia njia au kuhamisha mkutano. Yeye humfikishia mtendaji wa kata, na kutoka hapo jambo la sumu huenda kwa afisa kilimo na afisa afya, na la nyuki huenda kwa afisa nyuki wa wilaya. Namba zao za mkononi zimebandikwa katika mbao za matangazo za ofisi za vijiji. Kama katika kijiji chako hazipo, hilo nalo ni jambo la kuripoti.

Taarifa nzuri haihitaji maneno mengi. Mpokeaji anataka kujua mahali hasa, kwa alama ambayo mgeni anaweza kuiona, saa jambo lilipoanza, watu wangapi wameguswa na umri wao, dalili zao, na kwa sumu, kilichoandikwa kwenye lebo. Kwa nyuki anataka kujua kama wamening'inia au wamejenga, wako juu kiasi gani, na wamekaa siku ngapi. Hilo la mwisho lina uzito: kundi la juzi ni kazi ya nusu saa, lakini la miezi sita darini huenda likahitaji fundi wa kufungua ubao.

Neno kwa vibarua wa kupulizia, wanaolipwa kwa bomba. Wengi hamripoti kwa kuogopa kukosa kazi ya kesho. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri kulinda afya ya anayemfanyia kazi, na vifaa vya kujikinga ni sehemu ya ulinzi huo. Unaweza kumwambia afisa afya kwamba hutaki jina lako litajwe mbele ya mwajiri. Mwambie hivyo mwanzoni mwa mazungumzo.

Kuhusu shule ile, afisa nyuki alifika Jumatatu jioni pamoja na wafugaji nyuki wawili wa kijiji cha jirani. Darasa lilikuwa limefungwa tangu asubuhi. Giza lilipoingia waliwatuliza kwa moshi wale waliobaki hai, pungufu ya nusu kwa makadirio yao, wakafungua mbao tatu za dari na kuwahamishia katika mzinga. Masega yenye asali, karibu ndoo mbili, yalifukiwa katika shimo refu mbali na kisima, ingawa mmoja wa wafugaji wale aliyatazama kwa huzuni. Dari na ukuta vikasafishwa kwa maji na sabuni na watu waliovaa glavu, kwa kuwa harufu ya nta huwarudisha nyuki mahali palepale hata baada ya mwaka. Siku iliyofuata fundi aliziba tundu kwa saruji. Mwezi Machi wapelelezi wa kundi jingine walionekana wakizunguka ukuta ule kwa siku mbili, wakaondoka.